Jembe Walipewa, Shamba Je?

*Wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliofika katika uprofesa nchini Marekani wakabiliwa na ubaguzi usiopiga kelele: ubaguzi unaokaa kimya ndani ya jalada*

Mbele ya jengo liitwalo University Hall, katikati ya uwanja mkongwe wa Chuo Kikuu cha Harvard, imeketi sanamu ya shaba ya John Harvard, na watalii watokao pembe zote za dunia hupanga foleni kukisugua kiatu chake cha kushoto kwa kutaraji bahati, hata ncha ya kiatu imekuwa ikimeremeta kama dhahabu ilhali mwili uliosalia umepiga weusi.

Mapema Desemba 2019, baridi ikiwa imekwisha kutanda, makumi ya wanafunzi waliipita sanamu hiyo, wakaingia ndani ya jengo, ambalo wenzao waliwahi kuliteka mwaka 1969 kwa kuipinga vita ya Vietnam, wakaketi sakafuni kwa saa kadhaa karibu na ofisi za wakuu wa kitivo.

Hawakuwa wakidai punguzo la ada wala chakula bora bwenini. Walitaka waambiwe ni kwa nini mwalimu wao, Lorgia García Peña, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyekulia Trenton katika jimbo la New Jersey, amenyimwa ajira ya kudumu, ilhali idara yake ilikuwa imempendekeza, kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya mipaka na utaifa wa Wadominika kilikwisha kupata tuzo, na wao wenyewe waliokaa mbele yake darasani walikuwa tayari kutoa ushahidi juu ya ufundishaji wake.

Chuo kilijibu kwamba mashauri ya vyeo ni ya siri, hayazungumzwi hadharani. Maelfu ya wanazuoni na wanafunzi wakatia saini nyaraka za kupinga, na hukumu haikubadilika. Baadaye kitivo kiliunda kamati ya kuutazama upya utaratibu wake, na taarifa iliyotoka Oktoba 2021 ilieleza kwamba mfumo kwa umbo lake ni mzima, ila wengi wanaoupitia hawana imani nao. Mwalimu mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Tufts mwaka ule ule, kisha akachukuliwa na Princeton.

Nimeanza na kadhia hii si kwa kuwa ndiyo mbaya kuliko zote, bali kwa kuwa ina sura ya nyingi mithili yake: mtu aliyekaribishwa kwa taadhima, akatumikishwa kwa miaka, na siku ya hesabu ilipofika akakuta mlango umefungwa, na waliomo ndani hawalazimiki kumweleza lolote.

Watu wa asilimia tatu

Tutengeneze jina kwanza, maana jina lisipoeleweka hoja hupotea njiani. Latina, katika Kihispania, ni mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, nasi katika makala haya tutamwita Mlatina, na wakiwa wengi Walatina, tukikusudia wanawake peke yao.

Lakini jina moja hilo limekusanya watu wa namna nyingi mno. Yumo mjukuu wa Wameksiko wa Texas na California ambao, kama wapendavyo kusema wenyewe, hawakuuvuka mpaka, bali mpaka ndio uliowavuka wao baada ya mkataba wa mwaka 1848 baina ya Meksiko na Marekani. Yumo binti wa Puerto Rico, ambaye watu wake ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917. Yumo Mkuba, yumo Mdominika mweusi ambaye hubaguliwa kwa sababu mbili kwa wakati mmoja, na yumo mtoto wa vibarua wa mashambani ambaye masomo yake ya utotoni yalikatizwa kila msimu wa mavuno.

Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu wa asili hiyo, wake kwa waume, kuwa milioni 62.1, yaani asilimia 18.7 ya wakazi wote wa Marekani. Mwaka huo huo takwimu za serikali ya shirikisho zilionyesha kwamba miongoni mwa walimu wote wa vyuo walioajiriwa kwa muda kamili, wanawake wa asili hiyo walikuwa asilimia 3. Na katika daraja la juu kabisa, la profesa kamili, hesabu za mwaka 2018 ziliwaweka kwenye asilimia 2 au pungufu ya hapo.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Tangu mwaka 1992 sheria ya shirikisho inavitambua kwa daraja maalumu vyuo ambavyo angalau robo ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni wa asili hiyo, na kuvifungulia mlango wa fedha ambazo vyuo vingine havizipati. Kipimo ni wanafunzi peke yao; hakuna panapoulizwa ni nani anayesimama mbele yao na chaki mkononi.

> *Kipimo ni wanafunzi peke yao. Hakuna panapoulizwa ni nani anayesimama mbele yao na chaki mkononi.*

Waliotangulia

Jovita González alizaliwa mwaka 1904 katika mji mdogo wa Roma, ukingoni mwa mto Rio Grande upande wa Texas. Mwaka 1930 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Texas kwa tasnifu juu ya maisha ya watu wa wilaya tatu za mpakani, tasnifu ambayo msimamizi wake alisita kuipokea mpaka alipobembelezwa na mwanahistoria mwingine. Na katika miaka hiyo hiyo akawa rais wa jumuiya ya jimbo iliyokusanya ngano na mila, jambo ambalo kwa mwanamke wa Kimeksiko wa zama zile lilikuwa la ajabu.

Pamoja na sifa zote hizo, hakuna kiti cha chuo kikuu kilichomngoja. Alifundisha Kihispania katika shule ya sekondari huko Corpus Christi, akafariki mwaka 1983, na riwaya aliyoiandika pamoja na mwenziwe haikuona mwanga mpaka mwaka 1996, miaka 13 baada ya mauti yake.

Martha Bernal, binti wa wahamiaji wa Meksiko aliyelelewa El Paso, alipiga hatua moja zaidi. Mwaka 1962 alihitimu udaktari wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Indiana, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kimeksiko wa Marekani kuipata shahada hiyo katika fani hiyo. Alipoanza kuomba kazi ya ualimu akajibiwa, bila kupindisha maneno, kwamba wanawake hawaajiriwi. Ilimlazimu aanzie katika utafiti, na uprofesa aliokuja kuupata Denver na baadaye Arizona ulikuja baada ya miaka ya kungoja.

Majibu ya namna ile hayakuwa kosa kisheria. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi kazini kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au asili ya taifa, lakini ikawaacha nje walimu wa vyuo, na haikuwafikia mpaka Kongresi ilipoirekebisha mwaka 1972. Yaani kwa miaka minane mwenye kiwanda cha sabuni alikuwa amefungwa na sheria ambayo mkuu wa chuo kikuu hakufungwa nayo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, wanazuoni wa Kimeksiko wa California walikutana kwenye chuo kikuu cha Davis na kuasisi jumuiya yao, Mujeres Activas en Letras y Cambio Social, ambayo maana yake ni wanawake watendao katika elimu na mageuzi ya jamii. Wengi wao walikuwa wa pekee katika idara zao, na aliye pekee, hata akiwa na akili kiasi gani, hana wa kumwuliza kama lililomfika ni lake peke yake au ni la wote.

Fagio na lafudhi

Dhuluma ya siku hizi haiji kwa barua ya kusema kwamba wanawake hawaajiriwi. Huja kwa vijambo vidogo ambavyo kila kimoja, kikisimuliwa peke yake, humfanya msimulizi aonekane mwenye kinyongo.

Katika uchunguzi wa Joan Williams na wenzake uliowauliza wanasayansi wanawake 557, karibu nusu ya Walatina, asilimia 47, walisema wamewahi kudhaniwa kuwa makarani au wafagiaji katika majengo wanamofanyia kazi. Hapana aibu katika ufagiaji, na wengi wao ni mabinti wa wafagiaji na hujivunia. Bali aliyekosea hakukosea kwa bahati, alimtazama mtu usoni akajua, kabla ya kuuliza, mahali anapostahili kuwa.

Lafudhi nayo ina kesi yake. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia aliwasikilizisha wanafunzi mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya mwanamke mmoja, Mmarekani aliyezaliwa na Kiingereza kinywani. Kundi moja likaonyeshwa picha ya mwanamke mweupe, jingine picha ya mwanamke wa Kiasia. Waliotazama uso wa Kiasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwapo kwenye kanda, na wakaelewa mhadhara kwa uchache. Sisi ambao tunaweza kumcheka mtu wa bara kwa matamshi yake kabla hajamaliza maamkizi hatuna sababu ya kujifanya hatuelewi jambo hili.

Kisha zipo hojaji ambazo wanafunzi hujaza mwisho wa muhula kuwapima walimu wao, nazo hutiwa katika jalada la kupandishwa cheo kana kwamba ni mizani ya sonara. Gabriel Smith na Kristin Anderson, katika utafiti wa mwaka 2005, waliwapa wanafunzi mihtasari ya somo moja, wakibadilisha jina la mwalimu na ukali wa masharti. Mlatina aliyeonekana mpole alihesabiwa kuwa na moyo mwema kuliko mwanamke mweupe mpole. Lakini alipoonekana mkali, alishushwa chini ya mwanamke mweupe mwenye ukali ule ule. Kwa maneno mengine ana ruhusa ya kuwa mama. Ruhusa ya kuwa mwalimu ina masharti.

Mwaka 2012 kikatoka kitabu kikubwa kilichokusanya shuhuda hizi, *Presumed Incompetent*, jina lenye maana ya mtu ahukumiwaye kuwa hawezi kabla hajajaribu, chini ya uhariri wa Gabriella Gutiérrez y Muhs, Yolanda Flores Niemann, Carmen González na Angela Harris, na mwaka 2020 kikafuatiwa na cha pili, maana shuhuda zilikuwa hazijakoma.

Niemann alikwisha kuandika kisa chake mwenyewe mwaka 1999. Lililonigusa katika maandishi yake si aliyotendewa na wenziwe, bali alivyojiona akibadilika: mwanamke aliyeingia kazini akijua thamani yake, na baada ya miaka kadhaa ya kutazamwa kama aliyeajiriwa kwa ajili ya rangi yake, akaanza kuiuliza nafsi yake kama huenda wanaomtazama wana haki.

Kodi isiyo na stakabadhi

Mwaka 1994 Amado Padilla, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilipa jina jambo ambalo wenzake walikuwa wakilibeba bila ya kuweza kulitaja. Aliliita kodi ya utamaduni, akikusudia kazi zote ambazo mwalimu wa jamii ndogo hutakiwa kuzifanya kwa sababu ya asili yake, kazi ambazo chuo hunufaika nazo na ambazo hazimpandishi cheo yule aliyezifanya.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari yote.

Tufuate siku ya mwalimu wa namna hiyo, si mtu mmoja bali sura iliyokusanywa kutoka katika shuhuda nyingi zilizochapishwa. Ana miaka mitatu kazini. Asubuhi ana kamati ya kuchagua mwalimu mpya, ambamo ameingizwa ili pasisemwe kwamba kamati ni ya watu wa aina moja. Saa sita ana wageni wa ofisi ya mkuu wa chuo, wazazi wanaosema Kihispania, na mtarjumani hakuna ila yeye. Alasiri, mlangoni pake, pana wanafunzi sita wamekaa sakafuni wakingoja, na hakuna hata mmoja kati yao anayesoma somo lake.

Wamekuja kwa sababu ni wa kwanza katika koo zao kufika chuo kikuu na hawajui fomu ya msaada wa fedha hujazwaje. Kwa sababu baba amekamatwa na maofisa wa uhamiaji. Kwa sababu profesa wa hisabati amemwambia mmoja wao kwamba chuo hiki si mahali pake. Wamemtafuta yeye kwa jina lililobandikwa mlangoni. Atawafukuzaje? Aliketi sakafuni namna hiyo mwenyewe.

Mwenziwe wa ofisi ya pili ameifunga yake tangu saa tano na anaandika. Hana ubaya, hana tu watu mlangoni.

> *Mwenziwe wa ofisi ya pili ameifunga yake tangu saa tano na anaandika. Hana ubaya, hana tu watu mlangoni.*

Ikifika jioni picha yake imetumika katika kijitabu cha kuwavutia wanafunzi wapya, na sura ya pili ya kitabu chake haijaongezeka hata aya moja. Mwaka wa sita utakapofika, mizani itawekwa juu ya meza: utafiti uliochapishwa upande huu, ufundishaji upande ule, na ile iitwayo huduma, ambayo ndiyo iliyomla saa zake, itatajwa kwa sentensi moja ya shukrani.

Lugha yetu ina neno moja, kodi, kwa malipo ya serikali na kwa malipo ya mpangaji, na tarjuma ya neno la Padilla imepata bahati ya maana zote mbili. Mwalimu huyu alikuwa akiambiwa kwamba nyumba ni yake. Kumbe kila mwezi alikuwa akilipia chumba.

Wahenga wetu waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, na ya tatu apewe jembe, hawakumkusudia uovu. Kupewa jembe kulikuwa ni kuingizwa jamaani, na aliyelima alikuwa na haki katika mavuno kama wenyeji. Katika vyuo ninavyovielezea jembe limetolewa siku ya kwanza, tena kwa hotuba. Habari ya shamba huahirishwa mpaka mwaka wa sita, nayo huamuliwa faraghani.

Jalada na ufunguo wake

Utaratibu wenyewe, kwa msomaji asiyeujua, uko hivi. Mwalimu huajiriwa kwa majaribio ya miaka kama sita. Kisha hukusanywa maandishi yake, hojaji za wanafunzi, na barua za wanazuoni wa nje ambao majina yao aghalabu hafahamishwi. Idara hupiga kura, kamati ya kitivo hupiga kura, mkuu wa chuo hutia neno la mwisho. Akikubaliwa, huwa na ajira asiyoweza kuondolewa ila kwa sababu nzito. Akikataliwa, hubakishiwa mwaka mmoja wa kutafuta pengine pa kwenda. Hakuna daraja la katikati.

Siri ya jalada hilo iliwahi kufika Mahakama Kuu ya Marekani. Rosalie Tung, mwalimu wa asili ya Kichina katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alinyimwa ajira ya kudumu mwaka 1985 ingawa wengi katika idara yake walimpendekeza, na akapata kusikia kwamba shule haikuvutiwa na utafiti unaohusu China. Alipopeleka mashtaka kwenye tume ya serikali inayosimamia usawa wa kazi, chuo kilikataa kutoa majalada. Januari 1990 majaji wote tisa waliamua kwa kauli moja kwamba chuo hakina kinga ya namna hiyo: kukiwa na daawa ya ubaguzi, majalada yatolewe.

Tung hakuwa Mlatina, lakini hoja aliyoisikia, kwamba utafiti juu ya watu wake haukuwa na mvuto, ni ile ile ambayo Walatina wengi huisikia. Aandikaye juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kimeksiko huambiwa kwamba anaandika habari zake mwenyewe. Aandikaye juu ya mashamba ya Iowa huambiwa kwamba anaandika historia ya Marekani.

Oktoba 2024 jarida la *Nature Human Behaviour* lilichapisha utafiti uliopitia mashauri ya walimu 1,571 katika vyuo vikuu vitano. Walimu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walipata kura za kukataliwa kwa asilimia 7 zaidi ya wenzao, na nafasi yao ya kupitishwa kwa kauli moja ilikuwa pungufu kwa asilimia 44. Watafiti walikuta mizani mbili: upungufu ule ule wa machapisho uliwaponza hawa zaidi ya ulivyowaponza wengine.

Hoja za wenye jalada

Itakuwa si insafu kuwasimulia wa upande mmoja tu, maana wanaoutetea mfumo si wote wabaguzi, na baadhi ya hoja zao zina uzito.

La kwanza ni kwamba siri huilinda kweli. Mwanazuoni akijua kwamba barua yake itasomwa na anayeandikiwa, ataandika sifa tupu, na sifa tupu hazimsaidii yeyote. La pili ni uchache wa wanaohitimu: idara haiwezi kuajiri madaktari wa falsafa ambao hawajazaliwa na mfumo wa elimu, na lawama, wasema, iende kwenye shule za msingi na sekondari ambako watoto hao huachwa nyuma mapema. La tatu ni kwamba wazungu wengi nao hunyimwa kila mwaka, na hakuna wanafunzi wanaoketi sakafuni kwa ajili yao.

La pili ni kweli kwa nusu yake. Lakini haielezi ni kwa nini wale wachache waliohitimu, wakaajiriwa, wakafika mwaka wa sita, huangukia hapo hapo mlangoni. Na la kwanza lingenipa tabu zaidi kama nisingeona kwamba hukumu ya mwaka 1990 haikuviua vyuo: barua zimeendelea kuandikwa, na ukali umeendelea kuwamo.

Yapo pia maneno makali zaidi, ya wale waonao kwamba mipango ya kuongeza walimu wa jamii ndogo ndiyo ubaguzi wenyewe. Heather Mac Donald aliyaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2018, akidai kwamba vyuo vimeacha kutafuta ustahiki na badala yake vinahesabu rangi na jinsia. Nimeona faida ya kuyataja kwa sababu sasa si ya kitabuni tu, yamekuwa sheria.

Upepo wa kaskazi

California ilitangulia mwaka 1996, wapiga kura wake walipokataza, kwa Pendekezo la 209, upendeleo wa rangi au jinsia katika kazi na vyuo vya jimbo. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya nchi ikakataza rangi isitazamwe katika kuwapokea wanafunzi. Hukumu hiyo haikuwagusa walimu kwa jina, ila wanasheria wa vyuo walianza kuvisoma vifungu vyote kwa hofu mpya.

Texas, kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024, ilizifunga ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma, na Aprili mwaka huo Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kikawaachisha kazi watumishi wapatao 60. Na Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyoifuta ile ya mwaka 1965, ambayo kwa karibu miaka 60 iliwalazimisha wenye mikataba na serikali, vikiwamo vyuo vikuu vingi, kuchukua hatua za kuhakikisha kwamba hawabagui katika kuajiri.

Sheria ya mwaka 1964 ingali ipo na bado mtu aweza kushtaki. Lakini ofisi iliyokuwa ikipokea wanafunzi kama wale sita imefungwa, na wanafunzi hawakutoweka. Kwa hesabu ya kawaida wamerudi kuketi mlangoni pa yule yule mwalimu, na kodi imepanda.

Karatasi za Austin

Gloria Anzaldúa alizaliwa mwaka 1942 katika bonde la Rio Grande, si mbali na alikozaliwa Jovita González. Jembe kwake halikuwa tamathali ya semi: alilishika tangu utoto katika mashamba ya watu wengine, na baba yake alipofariki aliendelea kulima huku akisoma, mpaka akapata shahada ya kwanza mwaka 1969 na ya uzamili, huko Austin, mwaka 1972.

Alianza udaktari katika chuo kile kile. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilimpasa kubishana na msimamizi mmoja baada ya mwingine ndipo akubaliwe kuisoma fasihi ya watu wake kama fani. Aliondoka bila shahada, akaenda California, akafundisha hapa na pale kwa mikataba ya muda. Mwaka 1987 alitoa *Borderlands*, kitabu kinachochanganya mashairi na insha, Kihispania na Kiingereza, ambacho leo husomeshwa katika vyuo vikuu kote Marekani na maprofesa ambao ajira yao ni ya kudumu.

Alifariki Mei 2004 kwa maradhi ya kisukari, akiwa anamalizia tasnifu yake ya udaktari katika chuo kikuu cha Santa Cruz. Shahada ilitolewa mwaka uliofuata, mwenyewe akiwa amezikwa katika kijiji cha Hargill, Texas.

Karatasi zake, miswada, barua na michoro, zimehifadhiwa katika maktaba ya Benson, iliyo katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na wanazuoni hutoka nchi nyingi kwenda kuzisoma. Msomaji huandikishwa jina mlangoni, huacha mkoba wake nje, na huletewa majalada moja moja.